Kupeleka Keki Mikumi kwa Njia ya Ulaya

Mtu atokaye Kilosa kwenda Mikumi kwa barabara hana budi kupita Ulaya. Msidhani natania, ndugu wasomaji. Ulaya ni kijiji chetu, kimo katika wilaya ya Kilosa, chenye mashamba ya mahindi na mbuzi barabarani kama vijiji vingine, na utingo wa basi anapoita, "Wa Ulaya, shukeni!" hakuna acheze isipokuwa mgeni. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 nilipita hapo nimepakata bakuli la kioo, na miguuni pangu kikapu chenye chakula ambacho asili yake ni Ulaya ile nyingine. Nataka kuwaeleza habari za safari ile, na jinsi ya kukitengeneza chakula chenyewe, maana tangu siku ile nimeulizwa na akina mama wengi, na hata wanaume wawili watatu waliouliza kwa kunong'ona.

Waingereza hukiita traifo, na jina hilo kwa lugha yao maana yake ni kitu kidogo kisicho na uzito. Hapo kale, katika karne ya 16, lilikuwa jina la malai yaliyochemshwa pamoja na sukari, tangawizi na maji ya waridi, basi. Keki na kastadi viliingia baadaye, katika karne ya 18. Siku hizi ni chakula cha matabaka: keki chini, matunda madogo yenye maji mengi juu yake, kastadi juu ya matunda, kisha keki tena, mpaka bakuli lijae. Hakidai ufundi mkubwa, na hasa kinafaa kwa mikusanyiko yetu. Keki moja ya nusu kilo ya unga ukiigawa vipande kwa watu 30, wote watabaki wanatazamana. Ukiipanga katika bakuli pamoja na matunda na kastadi, watu hao hao watakula na kuridhika.

Mimi nilifundishwa na shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Alikuwa mpishi miaka mingi katika nyumba moja ya wageni pale Mikumi, wanakolala watalii wanaokwenda kuona wanyama. Nilipokuwa mtoto nilikwenda kwake kila likizo, nikamwona akipanga matabaka yake taratibu kama fundi apangaye matofali. Kwa kazi yake alipewa stroberi zilizonunuliwa Morogoro mjini, zile zishukazo kutoka milima ya Uluguru. Lakini nyumbani kwake hakutumia stroberi. Alikuwa na mforosadi nyuma ya jiko, na alisema forosadi ina rangi nzuri kuliko stroberi, tena hailipiwi nauli.

Sasa sina budi kusema neno la nyumbani kwetu, nalo si tamu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta, maji yakaingia Kilosa. Reli ya Kati ilikatika kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wakakosa makazi, wengi wakalala katika mahema. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, ikaanguka siku ya pili. Mimi sikuwapo, nilikuwa chuo cha ualimu. Shangazi alituma blanketi mbili na debe la mchele, na pamoja navyo akatuma neno: kwamba laiti angalisikilizwa yeye, kaka yake asingalijenga bondeni. Neno hilo lilimkuta mama hemani, amekaa juu ya sanduku, nguo zake zimejaa tope. Akapokea blanketi, akapokea mchele, na tangu siku ile hakukanyaga tena kwa wifi yake. Hata katika msiba wa baba, mwaka 2014, walikaa mikeka miwili mbalimbali.

Basi mwaka 2021 mjukuu wa shangazi alikuwa apate kipaimara. Shangazi akanipigia simu. "Karani," akasema (haniiti kwa jina langu tangu nilipoacha chaki nikashika madaftari ya parokia), "uje na traifo. Mimi macho yananisumbua, sioni kastadi inaposhika chini ya sufuria." Mama naye alialikwa, akajibu kuwa magoti yanamwuma. Ni magoti yale yale yaliyompeleka sokoni kila asubuhi, lakini sikusema kitu.

Kwa msomaji asiyeijua forosadi: ni tunda dogo refu, kiasi cha ncha ya kidole, limeundwa kwa vipunje vingi vilivyobanana. Kwanza huwa la kijani, kisha jekundu, kisha jeusi, na hilo jeusi ndilo la kula. Lililo bichi huweza kuumiza tumbo. Majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri katika nchi zinazowafuga. Mti huota kwa kijiti tu. Kata tawi, chomeka ardhini wakati wa mvua, ushike njia. Aibu yake moja ni kuwa tunda halikai. Likichumwa leo, keshokutwa limeoza, kwa hiyo ni nadra kuliona sokoni, na wenye mti hula wenyewe au huwaachia ndege. Tena hutia doa. Shati langu jeupe la Jumapili lina ushahidi mfukoni mpaka leo.

Mforosadi wetu umesimama kwenye kiwanja cha zamani, karibu na mto. Nyumba ilikwenda na maji, mti ukabaki. Hakuna ajengaye pale tena. Kila mwaka forosadi zinapoiva mama hushuka peke yake alfajiri, huchuma, na akirudi huwa hasemi mengi mpaka mchana. Jumamosi ile alirudi na ndoo yenye kiasi cha kilo mbili, akaiweka mbele yangu. "Chukua," akasema. "Lakini usimwambie mtu kuwa zimetoka kwangu." Kisha akaingia bandani, akaleta mayai saba ya kuku wake, na bakuli lake la kioo alilonunua Morogoro, ambalo kwa kawaida hukaa kabatini kutazamwa. "Na hili lirudi."

Nilianza na keki. Unga wa ngano nusu kilo, sukari robo kilo, siagi robo kilo, mayai yale saba, beking pauda vijiko vya chai vitatu, maziwa kikombe kimoja, na ganda la limau lililokwaruzwa. Siagi na sukari nilivisaga kwa mwiko mpaka vikawa vyeupe. Mayai nikatia moja moja. Unga nikauchanganya mwisho kwa mkono mwepesi, nikilegeza na maziwa. Tanuri sina. Nilitia mchanga katika sufuria kubwa, nikaipasha moto, nikaweka ndani sufuria ndogo yenye keki, nikafunika, nikatandaza makaa juu ya kifuniko. Chini moto kidogo, juu moto zaidi. Baada ya kiasi cha saa moja nilichoma njiti ya ufagio iliyo safi, ikatoka kavu. Keki ya traifo haitaki kuliwa siku ile ile. Ile iliyolala usiku mmoja hunywa maji ya matunda vizuri bila kumomonyoka, kwa hiyo hata keki iliyokauka dukani, ambayo mwenye duka anaona haya kuiuza, kwako ni mali.

Forosadi nilizikata vikonyo kwa mkasi. Kazi hii inachosha, lakini ni afadhali kuichukulia saburi, maana kikonyo kinywani mwa mgeni si kitu kizuri. Nilipima kilo moja na nusu, nikatia sukari robo kilo na maji ya ndimu mbili, nikaweka motoni bila kuongeza maji. Baada ya dakika kumi zilikuwa zimetoa maji yake yenyewe, mekundu ya kuiva kabisa. Nikaziacha zipoe, nikazitia katika makopo mawili yenye vifuniko vya kukaza. Zilizobaki, watoto wa jirani walizimaliza, na nyuso zao zikajulikana mtaa mzima.

Hapa nataka nikiri kosa langu la zamani, ili mwingine asilirudie. Mara ya kwanza nilipojaribu kupeleka traifo mahali kwa basi, nilitengeneza nyumbani kila kitu, matabaka yote, nikafunika kwa kitambaa, nikapanda nayo. Ilipofika ilikuwa uji wa zambarau. Waliokula walisifu, lakini walitumia vijiko vya kunywea uji. Yule aliyetunga chakula hiki hakuwahi kusafiri katika barabara zetu. Kwa hiyo kwa sisi tunaokwenda mbali dawa ni moja: chukua keki mbali, matunda mbali, bakuli mbali, na kastadi ipikwe kule kule uendako.

Jumapili niliondoka alfajiri. Kilosa wakati huo ni mji wa ukungu kidogo na moshi wa kuni, umelala chini ya milima, na stesheni yake ya tangu enzi za Wajerumani, waliotandika reli kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, ikafika huko mwaka 1914. Siku zile kazi ya reli mpya ya umeme ilikuwa ikiendelea, na katika milima yetu walikuwa wametoboa mahandaki. Treni zake zilianza kupita mwaka 2024. Kuna pia tawi la reli litokalo Kilosa kupitia Mikumi mpaka Kidatu, lakini mimi nilikuwa na basi dogo, na kiti karibu na dirisha, na bakuli la mama mapajani.

Kutoka Kilosa mpaka Mikumi ni kiasi cha kilomita 70. Mvua za vuli mwaka ule zilichelewa, barabara ilikuwa vumbi jekundu, na kila shimo lilinifanya nilikumbatie bakuli kama mtoto mchanga. Mzee mmoja Mmaasai aliyekaa kando yangu, mwenye fimbo na blanketi jekundu, alilitazama muda mrefu, akauliza kama nimebeba samaki wa kufuga. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni maziwa kiasi gani yanayotumika. Nilipomwambia lita mbili, aliridhika. Akasema chakula chenye maziwa lita mbili hakiwezi kuwa kibaya. Tukapita vijiji na mashamba yaliyokwisha limwa, yakingoja mvua. Tukaingia Ulaya, wakashuka watu na kuku, wakapanda watu na mkaa. Nilinunua ndizi tatu Ulaya, za shilingi mia tano, na kwa bei hiyo sidhani kama pale pengine pa jina hilo wangenipa hata moja.

Mikumi yenyewe ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa na Mbeya hupita kati yake, na hapo hapo huchepuka njia ya kusini iendayo Kidatu na Ifakara, kwenye mashamba makubwa ya miwa yaliyo pande zote mbili za mto Ruaha Mkuu. Sukari niliyotia kwenye keki ilitoka huko. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na jina lake ni la aina ya mitende iotayo sehemu hizo. Malori hulala Mikumi, abiria hula Mikumi, na tumbili wa Mikumi wamesoma tabia zetu kuliko sisi tulivyosoma zao. Kwa sababu hiyo shangazi alimweka mtoto mwenye fimbo mlangoni pa jiko tangu asubuhi. Hata hivyo kipande kimoja cha keki kilikwenda darini, na aliyekichukua alikila huku akitutazama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Karani. Ziko wapi?" Hakuuliza habari za njiani.

Tulipika kastadi pamoja. Kila nusu lita ya maziwa hutaka vijiko vya mezani vitatu vya unga wa kastadi na viwili vya sukari. Kwa lita mbili, basi, vijiko 12 na vinane. Unga huo ulitungwa mwaka 1837 na mfamasia wa Birmingham aitwaye Alfred Bird, kwa sababu mke wake alikuwa hawezi kula mayai, na kastadi ya asili ni ya mayai. Hiyo ndiyo sababu kopo moja linaweza kusafiri mpaka Mikumi bila kuoza. Unga kwanza ukorogwe kwa maziwa baridi kidogo, mpaka usiwe na vidonge. Maziwa mengine yachemke, yamiminwe juu yake, kisha yote yarudi motoni, na mwiko usisimame. Shangazi alikaa kwenye kigoda, amefumba macho, akisikiliza. "Sasa," akasema. Nami nikaepua. Kweli, kastadi inapokaribia kuwa nzito sauti yake hubadilika, hupiga *pu, pu* badala ya kuchemka. Miaka yote nimeitazama na sikujua.

Barafu hatukuwa nayo ya kutosha, maana jokofu lake lilijaa soda za wageni. Tuliweka sufuria katika beseni la maji, tukaifunika gunia lililoloweshwa, tukaiacha kivulini upepo unapopita. Baada ya saa moja ilikuwa imepoa. Msiimimine kastadi ikiwa ya moto, itaivuruga keki. Wala msingoje mpaka igande kabisa, haitatandika. Halafu tukapanga: vipande vya keki vya unene wa kidole, forosadi na maji yake mpaka keki igeuke rangi, kastadi, tena keki, tena forosadi, tena kastadi. Juu kabisa shangazi alitia malai ya maziwa ya jana, na forosadi chache nzima nilizokuwa nimezihifadhi. Katika kioo yalionekana matabaka sita, meupe, mekundu na ya manjano, na watoto wakaja kuyahesabu.

Asiye na forosadi atumie zambarau, azitoe kokwa na kuongeza sukari kidogo, maana hukausha ulimi. Embe dodo lililokatwa vidogo pamoja na maji ya pasheni hufaa sana. Papai sikushauri, ni laini mno na halina ukali wa kushindana na kastadi. Huko Unguja na Mombasa wenzetu hupenda kastadi yenye matunda katika futari, na wao wakiongeza keki chini watakuwa wamefika tulikofika sisi.

Walikuja watu 34 kwa hesabu yangu, na mimi hesabu ndiyo kazi yangu. Pilau ililiwa, hotuba zikasemwa, zingine ndefu. Shangazi alipelekewa traifo kwanza, kama mwenye nyumba. Akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Forosadi hizi umezitoa wapi?"

"Kilosa, shangazi."

"Kilosa wapi?"

Nikanyamaza, maana niliahidi.

"Zenye urefu huu ni za mti wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyepeleka kijiti chake, nimekifunga kwa kitambaa kibichi, mwaka ule ulipozaliwa. Nikakichomeka mwenyewe karibu na dirisha la mama yako." Alikula kijiko cha pili. "Kumbe maji hayakuuchukua."

Hakusema zaidi. Bakuli lilikwisha kabla ya soda, na mtoto mmoja alilikwangua kwa vidole mpaka akakemewa.

Jumatatu asubuhi nilipokuwa najiandaa kuondoka nililiomba bakuli. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Shangazi alikuwa amelijaza pumba za mpunga, na ndani ya pumba mayai kumi na mawili. "Mwambie wifi yangu," akasema, "sukari ya forosadi imezidi. Na keki ilitaka mayai zaidi."

Nilimwambia kwamba mpishi nilikuwa mimi. Akasema anajua hayo, lakini nimwambie hivyo hivyo.

Kurudi basi lilikuwa limejaa, na nilisimama mpaka Ulaya. Bakuli alilishika msichana mmoja wa shule, asiyemjua yeyote kati yao, akalitunza vizuri kuliko mimi. Jioni nilimkuta mama anachambua mchicha. Nikaweka bakuli mbele yake, nikatoa salamu kama nilivyopewa, neno kwa neno.

"Sukari imezidi!" akasema. "Na mayai saba ni machache? Saba! Aje apike yeye."

Akayatoa mayai katika pumba, moja moja, akiyainua kwenye mwanga wa dirisha kama afanyavyo daima. Alipofika la tisa akauliza, bila kunitazama, "Macho yake yakoje?"

Nikamwambia la kushoto haoni tena vizuri, na la kulia limeanza.

Akamaliza kutoa mayai. Akaliosha bakuli, akalipangusa kwa upande safi wa khanga yake, akaliweka juu ya meza. Kabatini hakulirudisha.